Ukikata springi, kona itakukata!

* Altezza mbili, damu moja. Moja ilizunguka uwanja wa mbio kutwa nzima, jioni ikarudi nyumbani kiulaini. Nyingine ililala mtaroni hata spidi 80 haijafika. Kulikoni?

MPENZI msomaji, wiki hii tuache kidogo habari za muziki wa gari, tinti na rimu za kung'aa. Tuongee kuhusu miguu ya gari, yaani matairi, springi na shokapu. Najua wengine mmeshaanza kupiga miayo. Subirini kwanza niwape visa viwili, halafu mtaamua wenyewe kama ni habari ya kusinzia.

Kisa cha kwanza kinamhusu sela wangu mmoja wa Sinza. Jamaa alibana matumizi miaka mitatu, kulala njaa sijui kula mihogo, mpaka akanunua Altezza yake nyeupe. Wiki ya kwanza akabadili eksozi, mtaa mzima ukajua amerudi. Wiki ya pili akatia rimu za inchi 18. Wiki ya tatu akaona gari limekaa juu mno, halina mvuto. Akalipeleka kwa fundi wa chini ya mwembe, wakachukua msumeno, wakakata mizunguko miwili ya springi kila upande. Gari likalala chini kama mjusi kwenye ukuta. Bomba kweli kweli, kwa macho!

Mshiko ulikuwa umekata, kwa hiyo matairi alichukua ya mtumba. "Kaka, cheki kashata bado nene, hili ni jipya kabisa," muuzaji alimwambia. Naye akaamini.

Usiku mmoja wa masika, mvua imetoka kunyesha, sela akaingia kwenye kona ambayo hupita kila siku. Katikati ya kona pana kiraka cha lami kilichoinuka kidogo. Gari likagonga kiraka, tairi la nyuma likaruka, na liliporudi chini halikushika kitu. Mkia ukatangulia, kichwa kikafuata, wote wawili wakaishia mtaroni. Mbavu mbili zilivunjika. Altezza ikabaki gofu. Anasema spidi ilikuwa haijafika 80, na mimi namwamini, maana kwa gari lile hata 60 ilikuwa nyingi.

Kesho yake tulipokwenda kuliangalia, mzee mmoja fundi alichuchumaa, akapangusa tope kwenye ubavu wa lile tairi la nyuma, akasoma namba nne: 3508. Akacheka kwa masikitiko. "Wanangu, tairi hili limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2008. Lingekuwa mtoto, lingekuwa limeshamaliza darasa la saba."

PACHA WAKE MAMBELE

Sasa kisa cha pili. Toyota walitengeneza Altezza kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Nje ya Japani gari hilo hilo liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Kwa maana nyingine, ukiona Lexus IS 200 ujue ni Altezza iliyovaa suti.

Nina mshikaji wangu mwingine, Mbongo anayeishi kusini mwa Uingereza, ana IS 200 kuukuu kama ya sela. Hilo ndilo gari lake la kwendea kazini na kubebea viazi kutoka sokoni. Nilipomtembelea akaniambia, "Jumamosi usipange kitu, nakupeleka uwanjani." Nikajua mpira. Kumbe ananipeleka Brands Hatch, uwanja wa mbio ulioko Kent, ambao uliandaa mashindano ya Formula One ya Uingereza mara 12 kati ya mwaka 1964 na 1986.

Wenzetu wana kitu wanakiita trakidei. Ni siku ambayo uwanja wa mbio hufunguliwa kwa mtu yeyote mwenye leseni na gari lake la kawaida. Unalipa, unasikiliza maelekezo, unavaa helmeti, unaingia. Si mashindano: hakuna kombe, saa za kupimia mzunguko zimepigwa marufuku, na kumpita mwenzako ni sehemu zilizopangwa tu, tena akikuruhusu. Hakuna bodaboda, hakuna mama anayevuka na mtoto, hakuna ng'ombe. Ukikosea, mara nyingi unaishia kwenye kokoto, si kwenye kibanda cha chipsi cha mtu.

Mzunguko mfupi wa Brands Hatch una urefu wa kilometa 1.94 tu. Lakini usiudharau. Kona ya kwanza, Paddock Hill, ni ya kulia na inateremka kama unatumbukia kisimani, na unapoingia huoni vizuri inakoishia. Nilishika mkanda kwa mikono miwili. Mshikaji akacheka tu, na gari likashuka limetulia kama liko kwenye reli.

Injini yake hakuigusa. Ni ile ile ya kiwandani. Nikamuuliza, sasa siri iko wapi? Akanionyesha chini.

VIGANJA VINNE TU

Hebu weka kiganja chako mezani. Sehemu ya tairi inayogusa lami ina ukubwa wa karibu hivyo. Una matairi manne, kwa hiyo gari zima, zaidi ya kilo 1,300 pamoja na wewe na michuzi yako, limeshikwa na ardhi kwa viganja vinne. Kuongeza kasi, kufunga breki, kukata kona, vyote vinapita hapo. Unaweza kufunga injini ya ndege. Viganja vikiachia, umekwisha.

Ndiyo maana mtu anayejiandaa kwa uwanja huanza na matairi. La kwanza ni umri. Soma zile namba nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata kama tairi halijatembea. Kashata nene kwenye tairi la zamani ni sawa na meno mazuri ya bandia: ya kuchekea tu.

La pili ni herufi ya spidi. Baada ya vipimo vya tairi kuna herufi moja. T ni mwisho kilometa 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Tairi likipitishwa uwezo wake kwa muda, linachemka na linaweza kupasuka.

La tatu ni ulaini. Matairi mengi yana neno TREADWEAR ubavuni na namba. Kwa kifupi, namba kubwa ni tairi gumu linalodumu, namba ndogo ni laini linaloshika. Ya kwendea kazini mengi yako 400 na kuendelea. Wapenzi wa trakidei hupenda ya karibu na 200, ambayo bado yanaruhusiwa barabarani lakini yanaisha kama sabuni.

Halafu kuna jambo lililonishangaza. Siku ya jua kali, tairi jipya lenye kashata ndefu si zuri uwanjani. Vile vipande virefu vya mpira huyumba kwenye kona, vinapata joto na kuanza kumeguka. Lililotumika kiasi hushika vizuri zaidi. Lakini mvua ikinyesha mambo yanageuka, maana mifereji ya kashata ndiyo inayotoa maji chini ya tairi. Na kipara ni kipara, msidanganyane: ikifika milimita 1.6, pale vile vijituta vidogo ndani ya mifereji vinapolingana na kashata, tupa.

UPEPO: DAWA YA BEI POA

Asubuhi ile, kabla hatujaingia, mshikaji alipita kila tairi na geji yake mfukoni. Akayaacha kwenye paundi 28, chini ya yale yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Nikashtuka. "Mwanangu, si utapata pancha?" Akasema, "Subiri uone."

Tukazunguka dakika 15, tukatoka. Akapima tena papo hapo, matairi yakiwa ya moto. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limefika 36. Hakuna aliyeongeza upepo. Joto ndilo lililoutanua. Kwa kukadiria, paundi moja hupanda kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Kama angeanza na 34, tairi lingevimba katikati kama andazi, kikagusa kitovu tu, mabega yakabaki hewani.

Na kwa nini la mbele kushoto ndilo lililopanda sana? Kwa sababu kona nyingi za uwanja ule ni za kulia. Gari likikata kulia, uzito unahamia kushoto, na ukifunga breki unahamia mbele. Tairi hilo moja ndilo lililobeba msalaba wa wenzake.

Akalipunguza mpaka 33, akatoa chaki, ya shuleni kabisa, akachora mistari begani mwa tairi kutoka kwenye kashata kushuka ubavuni. Tukaenda tena. Tuliporudi, chaki ilikuwa imefutika mpaka ukingo wa bega tu. "Umeona? Hapo liko sawa." Chaki ikifutika mpaka ubavuni, upepo ni mdogo, tairi linalalia ubavu. Ikibaki nzima begani, upepo ni mwingi. Kipimo cha chaki! Hiyo hata fundi wa Gerezani anaiweza kesho asubuhi.

Ila kuna sharti, na mshikaji alinirudia mara tatu. Jioni kabla ya kutoka getini, matairi yalipopoa, akatoa pampu yake ndogo akayarudisha yote kwenye kipimo cha mlangoni. Tairi la paundi 28 barabarani, na mizigo, kwa safari ndefu, linajikunja, linachemka na linaweza kuachana na maisha. Wengi hukumbuka kupunguza. Kujaza tena hawakumbuki.

GOLIKIPA ANAYENGOJA PENALTI

Sasa alaimenti. Mwangalie golikipa anayengoja penalti: amepanua miguu, nyayo ziko nje, magoti yameingia ndani. Gari la uwanjani husimama hivyo. Juu ya tairi pameegemea ndani kidogo, chini pametoka nje. Mafundi wa alaimenti wanaita kemba, na ikilala hivyo inaitwa kemba hasi.

Faida yake ni hii. Ukikata kona, bodi inaegemea nje na kulisukuma tairi lisimame kwa ukingo wake wa nje. Tairi lililoegemea ndani tangu mwanzo, wakati huo ndipo linalala bapa na kiganja kizima kinagusa lami. Lililokuwa wima linagusa kwa ukingo tu. Ukiona tairi lako la mbele limeliwa bega la nje baada ya kuchapa mwendo kwenye kona, ujue linakosa kemba.

Magari mengi ya barabarani hutoka kiwandani yakiwa kati ya sifuri na digrii moja hasi. Wa uwanjani tupu hufika mbili mpaka tatu. Mshikaji aliishia moja na nusu, kwa sababu Jumatatu gari linakwenda kazini, na kemba kubwa hula bega la ndani ukitembea barabara iliyonyooka.

Altezza ina bahati: ina mikono miwili mbele, wa juu na wa chini, ambayo humsaidia tairi lisisimame kwa ukingo. Lakini Corolla, Impreza na wengi wa mitaani wametumia mtindo wa MacPherson mbele, ambapo shokapu yenyewe ndiyo nguzo. Hao kona ikikaza wanaishiwa kemba haraka, hivyo wanaihitaji zaidi.

SPRINGI SI SUKARI, HAIPUNGUZWI OVYO

Turudi kwa sela wa Sinza. Fundi wake alikosea wapi?

Springi na shokapu ni mke na mume. Springi inabeba gari na kumeza tuta. Shokapu inaizuia springi isirukeruke. Zimepimwa pamoja. Ukikata springi, inakuwa fupi na ngumu zaidi, lakini shokapu ni ile ile ya zamani, haina tena ubavu wa kuituliza. Gari linadunda kama mpira wa kona.

Halafu safari inakwisha. Springi fupi inaliacha gari karibu na mpira wa kuzuia, ule unaogongwa shokapu ikifika mwisho. Gonga kiraka katikati ya kona, shokapu inafika mwisho, na ghafla ni kama huna springi kabisa. Tairi linaruka. Hicho ndicho kilichomkuta sela. Tena springi iliyokatwa, ukipiga jeki gari, inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake, na ikirudi imekaa upande. Kuna na wale wanaoipasha kwa moto wa gesi ili ilale: hao wameua chuma chenyewe.

Na kwa magari ya MacPherson kuna soo lingine. Ukilishusha kupita kiasi, mkono wa chini unaelekea juu, na bodi inaanza kulala kwenye kona kuliko hata kabla hujakata. Umelipa pesa ulegeze gari!

Mshikaji wa Uingereza alishusha lake pia, lakini kwa sentimita mbili na kidogo, kwa springi zilizotengenezwa fupi, pamoja na shokapu mpya zinazoendana nazo. Na kabla ya hapo alitoa pesa kwenye vitu ambavyo hakuna binti atakayevisifia: bushi mpya za mikono, boljointi na viungo vya stabilaiza. Bushi zikipasuka, alaimenti uliyopima gereji inabaki gereji. Ukifunga breki magurudumu yanajipangia yenyewe pa kwenda.

Kama mfuko ni mdogo, mpangilio wake ni huu: bushi na boljointi kwanza, matairi ya pili, alaimenti ya tatu, shokapu na springi za nne. Injini ije ya mwisho, na pengine isije kabisa. Na springi ngumu sana za uwanjani usizilete hapa kwetu. Uwanja ni lami tupu kama meza; matuta yetu yatakung'oa meno.

NATI NA BREKI

Mambo mawili ya mwisho kabla hujasema uko tayari. Nati za tairi zinapashwa joto na kupoa, kisha zinalegea. Mshikaji alizikaza kila alipotoka, kwa spana ya kupimia nguvu, si kwa kuruka juu yake kama mafundi wetu. Toyota nyingi ndogo zinataka Nm 103 tu.

La pili ni mafuta ya breki. Hunyonya unyevu wa hewani taratibu. Ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka si chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 155. Yakichemka, pedali inazama mpaka chini na wewe umeiona kona. Badilisha kabla. Mzunguko wa mwisho uendeshe taratibu ili breki na matairi vipoe, na ukipaki usivute hendibreki, weka gia.

SELA ANASEMAJE?

Jioni ile tulirudi nyumbani na IS 200 ile ile, viti vile vile, na njiani tukasimama kununua maziwa. Nikamwaza sela wa Sinza kitandani. Magari yao yalitoka kwenye damu moja. Yule wa Uingereza alilipeleka lake kwa nguvu zote, mahali palipojengwa kwa kazi hiyo, miguu ikiwa imeandaliwa. Wetu alilipeleka kawaida tu, kwenye njia ya watu, miguu ikiwa imekatwa.

Mbavu zimepona. Mwaka huu amepata gari lingine, la kawaida sana, na nilimkuta gereji akiwa na geji ya upepo mkononi, amepiga magoti anasoma namba ubavuni mwa tairi. Muuzaji alianza, "Kaka, cheki kashata..." Sela akamkata kauli: "Kashata nimeiona. Nionyeshe mwaka."

Nikajua mwanafunzi amefaulu. Chonde chonde msomaji, ukimaliza kusoma ukurasa huu shuka chini ukasome wa kwako. Kama utakuta namba zinazolingana na mwaka uliomaliza shule, usiniandikie kuuliza, jibu unalo.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda!